Kwa Nini Mayai Mengine Hayaanguliwi?

Kuku huatamia mayai yake kwa muda wa siku 21. Katika siku hizo zote hutoka kiotani kwa muda mfupi tu, mara nyingi mara moja kwa siku, ili apate kula, kunywa maji, kutoa kinyesi na kuoga vumbi. Kisha hurudi upesi. Siku ya ishirini na moja inapofika, sauti ndogo husikika ndani ya mayai, na baadaye vifaranga huonekana wakichungulia kutoka katika manyoya ya mama yao. Hata hivyo, mara nyingi hubaki kiotani mayai kadhaa ambayo hayakuanguliwa. Kuku huyaacha, akaenda zake na vifaranga aliowapata.

Tuseme kuku wa nyumbani kwenu ameatamia mayai 12, akatotoa vifaranga saba. Mayai matano yamebaki. Watu wengi wangeyatupa jalalani bila kuyatazama, wakasema kwamba ni bahati mbaya, au kwamba ngurumo za radi zimeyaharibu. Lakini kuku watano wakikua na kuuzwa waweza kulipia madaftari na sare ya shule. Kwa hiyo neno "bahati" halitutoshi. Kila yai lililobaki lilikuwa na sababu yake, na mara nyingi dalili za sababu hiyo bado zimo ndani ya ganda.

Uhai unavyoanza ndani ya yai

Ndani ya mwili wa kuku jike mna viini vya manjano, vikubwa na vidogo, vilivyoshikamana kama kichala cha zabibu. Kiini kilichokomaa hujitenga na vingine, kikaingia katika mrija wa mayai. Ikiwa kuku amepandwa na jogoo, mbegu za kiume huwa zinangoja mwanzoni mwa mrija huo. Mbegu ya kiume ikiungana na mbegu ya kike iliyo juu ya kiini, yai limerutubishwa. Jambo hili hutendeka mapema sana, kabla kiini hakijazungukwa na ute na kabla ganda halijafanyika. Baada ya hapo kiini hushuka polepole mrijani, kikivikwa ute, kisha tando mbili nyembamba, na mwisho ganda gumu la chokaa. Safari yote huchukua muda wa siku moja hivi, na sehemu kubwa ya muda huo hutumika kulitengeneza ganda.

Kuku hutaga hata kama hakuna jogoo. Mayai ya namna hiyo ni mazuri kuliwa, lakini hata yakiatamiwa mwaka mzima hayatatoa kifaranga. Ndiyo maana mayai ya dukani, ambayo kwa kawaida hutagwa na kuku wa kisasa wanaofugwa bila majogoo, hayafai kuwekwa chini ya kuku. Kwa upande mwingine, mbegu za jogoo zaweza kukaa hai ndani ya mwili wa jike kwa wiki mbili hivi. Jogoo akichinjwa leo, mayai yatakayotagwa kesho na keshokutwa bado yaweza kuwa na uhai.

Vunja yai bichi taratibu juu ya kisahani. Tazama kiini kwa makini. Utaona doa dogo jeupe lenye upana wa milimita tatu au nne hivi. Katika yai lisilorutubishwa doa hilo huwa dogo, jeupe lote, na halina umbo maalumu. Katika yai lililorutubishwa huwa pana zaidi, nalo lina duara kama pete. Hapo ndipo kifaranga huanzia. Wengi hudhani kwamba kiini cha manjano ndicho kinachogeuka kuwa kifaranga. Sivyo. Kiini ni chakula chake. Kiumbe kichanga kinachokua kutoka katika lile doa huitwa kiinitete.

Yai linapotagwa, kiinitete kilichomo tayari kina maelfu ya seli, maana kimekaa muda wa siku moja katika joto la mwili wa mama. Yai likipoa, ukuaji husimama. Kiinitete hakijafa, kimelala tu, kikingoja joto lirudi. Kinaweza kungoja hivyo kwa siku kadhaa, lakini si kwa muda wowote tupendao. Kumbuka jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Kuyachunguza mayai yaliyobaki

Ngoja mpaka kuku aondoke kiotani kabisa pamoja na vifaranga wake. Fanya kazi hii pamoja na mwalimu au mzazi, nje, mbali na nyumba na kisima. Yai lililooza hujaa gesi na laweza kupasuka kwa kishindo; kwa hiyo lizungushie kitambaa kikuukuu, lielekeze mbali na uso, kisha ulipasue taratibu upande wake mnene. Mwishoni fukia kila kitu shimoni, unawe mikono kwa sabuni. Kazi hii ina harufu mbaya, lakini hakuna njia nyingine iliyo rahisi ya kupata ukweli.

Tuyatazame mayai yale matano.

Yai la kwanza lina kiini kizima na ute uliokuwa majimaji kidogo. Hakuna damu hata chembe. Yaelekea halikurutubishwa. Pengine jogoo ni mmoja na majike ni mengi mno, au ni mzee, au ana ugonjwa wa miguu unaomzuia kupanda. Jogoo mmoja mwenye nguvu hutosha majike kumi hivi. Vijijini, ambako majogoo hutembea toka nyumba hata nyumba, ukosefu wa jogoo si sababu ya mara nyingi kama watu wanavyofikiri. Tena tujihadhari: kiinitete kilichokufa katika siku ya kwanza ya kuatamiwa hakiachi damu yoyote, na yai lake laweza kudhaniwa kuwa halikurutubishwa kamwe.

Yai la pili lina pete nyembamba ya damu juu ya kiini. Pete hiyo ni ushahidi kwamba palikuwa na uhai. Moyo wa kiinitete huanza kupiga katika siku ya pili, na mishipa midogo ya damu huenea juu ya kiini kama mizizi. Aristotle, mwanachuoni wa Ugiriki ya kale aliyefariki mwaka 322 K.K., aliandika habari za mayai yaliyofunguliwa siku baada ya siku. Alieleza kwamba baada ya siku tatu moyo huonekana kama tone la damu linalorukaruka. Kiinitete kikifa katika siku hizo za kwanza, damu hukusanyika pembeni, ikafanya ile pete. Sababu kubwa ya vifo vya mapema ni kwamba yai lilihifadhiwa vibaya kabla ya kuatamiwa, au lilipoa mno mara tu kazi ya kuatamia ilipoanza.

Yai la tatu limeoza. Hili ndilo yai viza ambalo kila mtu hulijua kwa harufu yake. Lakini si kwamba mayai yote yasiyoanguliwa huoza. Yai huoza pale bakteria wanapoingia ndani yake. Ganda la yai laonekana kuwa zima, ilhali lina maelfu ya vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hewa hupita humo, kwa sababu kiinitete nacho hupumua. Juu ya ganda kuna utando mwembamba uliokauka ambao husaidia kuwazuia bakteria. Ganda likiwa na ufa, au likipakwa kinyesi, au utando huo ukisuguliwa, bakteria hupata njia.

Hapa ndipo watu wasafi hukosea. Huona yai lina uchafu, wakaliosha kwa maji baridi. Yai lenye vuguvugu likitiwa katika maji baridi, vitu vilivyomo ndani hunywea, na maji pamoja na bakteria huvutwa ndani kupitia vile vitundu. Yai lenye uchafu mwingi ni afadhali liliwe mapema baada ya kupikwa vizuri, lisiwekwe chini ya kuku. Kwa sababu hiyo hiyo usiyatumbukize majini mayai yanayoatamiwa ili kuona kama yataelea.

Yai la nne lina kifaranga kamili, mwenye manyoya, lakini ganda halikutobolewa. Mtazame jinsi alivyolala. Kwa kawaida kichwa huelekea upande mnene wa yai, ambako kuna chumba cha hewa. Siku moja au mbili kabla ya kutoka, kifaranga hutoboa utando wa chumba hicho kwa mdomo wake, akavuta pumzi ya kwanza kwa mapafu. Sauti ile ndogo tuliyoitaja hutokea wakati huu. Ikiwa kichwa kimeelekea upande mwembamba, ni vigumu kwake kupata hewa hiyo, na wengi wa namna hii hufa. Vifaranga wengine hufikia siku ya ishirini wakiwa dhaifu, kwa sababu mama yao alikosa chakula bora alipokuwa akitaga. Kuku anayekula pumba peke yake hutia chakula hafifu ndani ya yai. Anahitaji pia majani mabichi, wadudu au dagaa, na chokaa kutoka katika maganda ya konokono au ya mayai yaliyopondwa. Magonjwa fulani ya kuku nayo hupita kutoka kwa mama hadi ndani ya yai, na majogoo yanayopanda mabinti zao kizazi baada ya kizazi huleta viinitete visivyo na nguvu.

Yai la tano ndilo la kusikitisha zaidi. Ganda lina tundu, na ncha ya mdomo yaonekana. Kifaranga alianza kazi akafa njiani. Juu ya mdomo wake kuna kijino kigumu cha kuvunjia ganda, ambacho huanguka siku chache baada ya kuzaliwa. Toka anapotoboa tundu la kwanza hata anapotoka nje, kifaranga aweza kuchukua nusu siku au siku nzima, akipumzika mara kwa mara. Mama akiondoka kiotani wakati huo, baridi humwingia, na hewa kavu hukausha tando zikamshika kama gundi. Watoto wengi huona huruma wakambandua kifaranga kwa vidole. Wakifanya haraka humuua, kwa maana tando bado zina mishipa yenye damu yake, wala kiini kilichobaki hakijamalizika kuingia tumboni.

Kiini hicho kinachoingia tumboni chatueleza jambo lingine. Kwa sababu yake, kifaranga aweza kukaa siku mbili bila kula. Kwa hiyo wa kwanza kutoka huwangoja wenzao chini ya mama. Lakini baada ya muda huo njaa huwaamsha, nao huanza kuzunguka. Mama huwafuata, na mayai yaliyochelewa huachwa. Mayai hayo huenda yalikuwa mazima kabisa. Yalichelewa tu.

Siku kabla ya kuatamia

Sasa turudi kwenye kiinitete kilicholala. Mama mwenye nyumba hukusanya mayai moja moja mpaka yatimie. Akiyaweka mahali penye ubaridi, kiinitete hulala vizuri. Akiyaweka jikoni karibu na mafiga, au juu ya kabati chini ya bati, mchana huyapasha joto na usiku huyapoza. Joto likizidi nyuzi 21 za sentigredi hivi, kiinitete huanza kuamka, lakini joto hilo halikitoshi kukua sawasawa. Huamka, hulala, huamka tena, mpaka kikafa. Katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, joto la ndani ya nyumba mara nyingi huzidi kiasi hicho mchana na usiku. Huko hasara hii ni kubwa kuliko nyanda za juu zenye baridi kama Njombe au Lushoto.

Kwa hiyo yafaa mayai ya kuatamiwa yasikae zaidi ya wiki moja, na pwani yakae muda mfupi zaidi. Yaandikwe tarehe kwa penseli au mkaa. Yawekwe ncha chini katika chombo chenye majani makavu, mahali penye kivuli, hewa na ubaridi, kwa mfano sakafuni karibu na mtungi wa maji. Yaliyosafirishwa kwa baiskeli katika barabara mbovu yapumzishwe siku moja. Kuku akiwa tayari kuatamia, chagua yaliyo mapya, yenye umbo la kawaida na yasiyo na ufa. Yale ya zamani yaende jikoni.

Kuku na kiota

Mayai huhitaji joto la nyuzi 38 za sentigredi hivi. Mwili wa kuku una nyuzi 41, na kuku anayeatamia hupoteza manyoya ya tumboni ili ngozi yake iguse mayai. Huyageuza mara nyingi kwa siku kwa mdomo na miguu, na kwa njia hiyo kiinitete hakigandi kwenye ganda. Hakuna aliyemfundisha.

Ila hawezi kufunika mayai mengi kuliko mwili wake. Kuku wa kienyeji mwenye umbo la wastani hutosha mayai 10 hadi 13. Ukimwekea 18, usidhani kwamba yatapotea yale matano ya pembeni tu. Kuku huyahamisha mayai, la katikati likaenda pembeni na la pembeni likaja katikati. Hivyo baridi huyapitia yote kwa zamu, na waweza kupata vifaranga wachache kuliko kama ungeweka 10.

Majike mawili yakitagia kiota kimoja, shida ni nyingine. Kila siku huongezeka mayai mapya, na umri wa mayai huwa mbalimbali. Tumekwisha kuona yatakayopata yale yanayochelewa. Tia alama mayai yote siku ya kwanza kwa mkaa. Yai lolote lisilo na alama liondolewe kila jioni kuku anapotoka kula.

Adui anayesahauliwa zaidi ni utitiri. Wadudu hawa wadogo hujificha katika nyufa za kiota mchana, na usiku hutoka kunyonya damu ya kuku. Kuku aliyetaabishwa huinuka, husimama, hukaa, huinuka tena, na mwisho hukimbia kiota. Asubuhi mayai yamekuwa baridi, na watu husema kuku huyu si mlezi mzuri. Kabla ya kumlaumu, pitisha kidole chini ya majani ya kiota. Ukiona vidoa vyekundu vinavyotembea, umempata mwenye makosa. Choma majani ya zamani, anika tenga juani, tia majani mapya makavu pamoja na jivu kidogo. Maji na nafaka viwekwe karibu, ili kuku asitembee mbali na kuchelewa kurudi.

Na ngurumo je? Sauti ya radi haina njia ya kuliviza yai. Lakini radi huja na mvua, na kiota kikilowa, mayai hupoa na bakteria huongezeka. Aliyeona mayai yameharibika baada ya usiku wa radi aliona kweli. Ila atazame paa.

Kumulika mayai

Yapo mayai ambayo hatuna haja ya kuyangojea siku 21. Siku ya saba, usiku, chukua kurunzi na karatasi nene yenye tundu dogo kuliko yai. Weka upande mnene wa yai juu ya tundu, umulike kutoka chini. Yai lisilo na uhai hupitisha mwanga lote, likaonekana jeupe au la manjano. Yai zima lina doa jeusi linalotikisika na mishipa myekundu iliyotapakaa kama miguu ya buibui. Ukiona pete ya damu bila mishipa, kiinitete kimekufa. Ondoa yasiyo na uhai ili yasije yakaoza na kuyachafua mengine. Fanya upesi, usiyatikise, na mengine yabaki chini ya kuku yakingoja zamu yake.

Maswali

1. Kuku alianza kuatamia tarehe 3 Machi jioni. Utatazamia vifaranga tarehe gani? Utayamulika mayai tarehe gani?

2. Mayai ya kanga huanguliwa baada ya siku 26 hadi 28. Mtu mmoja aliweka mayai sita ya kanga na sita ya kuku chini ya kuku mmoja siku moja. Yapi yatapotea, na kwa nini? Angefanyaje ili yote yaanguliwe pamoja?

3. Katika kiota kimoja mayai manane kati ya 12 yalikutwa na pete ya damu. Mwenye kuku ataka kununua jogoo mpya. Je, jogoo huyo atamsaidia? Utamwuliza nini kwanza?

4. Tafuta nyumba tatu jirani ambako kuku anaatamia. Andika daftarini idadi ya mayai, mahali yalipohifadhiwa kabla ya kuatamiwa, na idadi ya vifaranga waliotoka. Linganisha na wenzako darasani.